Kusoma na Kuhifadhi

Swali: Binti yangu hukesha akirudia kusoma daftari lake, lakini siku ya mtihani husahau. Afanyeje?

Jibu: Mzazi mpendwa, bidii yake haina ila, kilichopungua ni taratibu. Mwaka 2006, wataalamu Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi makala fupi, baadhi yao wakaisoma vipindi vinne, na wengine wakaisoma kipindi kimoja, kisha kwa vipindi vitatu wakaandika waliyoyahifadhi pasipo kuitazama. Baada ya dakika 5 wale wa kwanza walitangulia, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 tu, ilhali wenzao asilimia 61. Basi binti na alifunge daftari, ajihoji kwa sauti, kisha alifungue ajisahihishe. Kwani elimu huthibiti moyoni kwa kuitwa mara kwa mara.