Zaka na Rasilmali ya Maskini



Katika Ramadhani iliyopita nilialikwa kusomesha siku chache Gilgil, mji mdogo ulio baina ya Naivasha na Nakuru. Msomaji wa Mombasa huenda akauliza, Gilgil kuna nini? Malori yatokayo bandari yetu kwenda Uganda hupita hapo na kusimama mizani, na kando ya njia wanawake huwauzia madereva chai, mayai na viazi. Mmoja wao, mjane Mwislamu, alinijia baada ya darasa akasema: “Maalim, kila Ramadhani hupewa zaka shilingi 500, nami nashukuru. Lakini ikingia Shawwal hukopa 5,000 za unga na mafuta, nikalipa 6,000. Je, zaka hiyo yanifaa nini?”

Nalihesabu nikaona haya. Nyongeza anayotozwa ni mara mbili ya zaka tuliyompa.

Jawabu la mama huyu limo katika vitabu tunavyovisomesha kila siku. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratut Tawba, aya ya 60, watu wanane wanaostahiki zaka, akaanza kwa mafakiri na maskini. Apewe kiasi gani? Imamu Nawawi katika Al-Majmuu ameeleza kauli ya wanavyuoni wetu wa Kishafii: mwenye kazi ya mikono apewe thamani ya vyombo vya kazi yake, na mwenye biashara apewe rasilmali ambayo faida yake itamtosha. Akapiga na mifano. Muuza mboga hupewa dirhamu tano au kumi. Muuza vito hupewa hata elfu kumi, iwapo hatoshelezwi na chini ya hizo. Hayo yameandikwa kabla ya miaka mia saba. Nasi leo twapanga watu mstari mlangoni tangu alfajiri, kila mmoja aondoke na nauli ya kumrudisha kwao!

Vijana wa darasa walipendekeza zaka yote ikusanywe, kisha maskini wakopeshwe. Nia yao njema, na wametangulia wanavyuoni wa karne iliyopita, miongoni mwao Sheikh Abu Zahra wa Misri na Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walioona yajuzu kukopesha katika zaka pasipo riba, wakikisia kwa fungu la wadeni. Siwapuuzi. Lakini katika madhehebu yetu zaka ni haki ya maskini, nayo sharti imilikishwe kwake. Ukimkopesha, umechukua mali iliyo yake ukaifanya deni shingoni mwake. Akifa kabla hajalipa, utawadai mayatima wake?

Basi zaka na itolewe, lakini itolewe kwa wingi wa kutosha, watu wachache kila mwaka. Karadha nayo itoke katika sadaka, ambayo mlango wake ni mpana. Na pia katika kodi za nyumba za wakfu, pale sharti la mwenye kuweka wakfu linaporuhusu. Yako mambo ya kuigwa. Mjini Lahore, Pakistan, mwaka 2001 Dakta Amjad Saqib alianzisha jumuiya ya Akhuwat kwa karadha ya rupia 10,000 aliyopewa mjane mmoja, bila ya riba. Jumuiya hiyo ikaendelea kukabidhi fedha misikitini, mbele ya majirani, na wakopaji karibu wote hulipa. Kwetu Kenya serikali ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa mikopo midogo ya simu, wenye riba ya 8 kwa mia kwa mwaka. Mwislamu anayejichunga hana la kufanya ila kukaa mbali nao, na huku sisi hatujamwekea badali. Kumkanya riba ni wajibu. Lakini kumkanya tu, kisha tukamwacha mbele ya yule wa 6,000, ni nusu ya kazi.

Gilgil tuliketi baada ya swala ya Alasiri. Mama yule alipewa 5,000 katika zaka, milki yake, hadaiwi na mtu. Sanduku la sadaka la Ijumaa limegawanywa, sehemu moja ikawa ya karadha. Wasiopata kulipa kwa shida wataongezwa muda, kama Qurani ilivyoamrisha. Mwenye uwezo na akakataa atasemezwa na wazee. Kilichobaki ni nani ashike daftari, kwani wawili wanalitaka na wote wawili hawajazoea kuulizwa hesabu.