Somo la Afya na Usalama: Mbwa Wasiofungwa Katika Maeneo ya Mazoezi

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, viwanja vya shule, barabara za mitaa na njia za pembezoni mwa mashamba huanza kupata watu. Wapo wanaokimbia mchakamchaka kwa vikundi, wapo wanaotembea kwa kasi kwa ushauri wa daktari, na wapo vijana wanaojiandaa kwa mashindano. Mwezi Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuhimiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa shughuli hiyo. Shabaha ilikuwa kupunguza magonjwa yasiyoambukiza, yakiwemo shinikizo la damu na kisukari.

Saa hiyo ya alfajiri, hata hivyo, ina mtumiaji mwingine. Kaya nyingi huwafungulia mbwa usiku ili walinde mji, na huwafunga au kuwafungia bandani kukishapambazuka. Anayeanza mazoezi saa kumi na moja na nusu hukutana na mbwa ambaye zamu yake ya ulinzi haijaisha. Hapo ndipo mzee aliyeshauriwa kutembea kila siku hukata tamaa na kubaki nyumbani, mwanamke aliyezoea kukimbia hubadilisha njia, na mtoto anayewahi shule hung'atwa. Somo hili linaeleza namna ya kukabiliana na mbwa huyo, hatua za kuchukua iwapo atauma, na mahali ambapo tatizo lenyewe linapaswa kumalizwa.

KWA NINI MBWA HUMKIMBIZA ANAYEKIMBIA

Mbwa ana silika ya kufuata kitu kinachomkimbia. Silika hiyo ndiyo humfanya afukuze kuku, baiskeli, pikipiki na mtu aliye katika mbio, hata kama hana nia ya kuuma. Kadiri mtu anavyoongeza mwendo, ndivyo mbwa anavyozidi kuamini kwamba kuna kitu cha kukamata. Wala hakuna mwanariadha wa kawaida atakayemshinda mbwa kwa mbio.

Sababu ya pili ni mipaka. Mbwa huona nyumba, kichochoro na hata kipande cha barabara kilicho mbele ya nyumba kuwa milki anayopaswa kuilinda. Wengi wa mbwa wa namna hii hubweka kwa nguvu, husogea hatua kadhaa, kisha hurudi mara mgeni anapovuka eneo lao. Sababu ya tatu ni hofu, hasa kwa mbwa aliyewahi kupigwa mawe, na kwa jike mwenye watoto, ambaye hushambulia bila kutoa onyo refu.

Sababu ya nne ndiyo ya hatari kuliko zote, nayo ni ugonjwa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kushambulia bila kuchokozwa, akiwa mbali na kwao, bila kubweka. Anaweza kudondosha mate, kuyumba, kung'ata vijiti na mawe, au kubadilika sauti. Wengine huwa wapole kupita kiasi, hupooza na kujificha. Kwa hiyo upole wa mbwa mgeni si uthibitisho wa uzima wake.

HATUA ZA KUCHUKUA MBWA ANAPOKUJA

Jambo la kwanza ni kusimama. Mwenye kukimbia apunguze mwendo mapema, mara amwonapo mbwa mbele yake, kisha asimame ikiwa mbwa anamjia. Ageuze mwili kidogo upande badala ya kumkabili kifua kwa kifua, mikono ibaki karibu na mwili na vidole vikunjwe. Asimkodolee macho, kwa kuwa mbwa huchukua jicho la kukazia kuwa changamoto. Amwone kwa pembe ya jicho tu. Asipige kelele za hofu wala kurusha mateke.

Jambo la pili ni kuondoka polepole. Mbwa anaposimama au kupunguza kubweka, mtu arudi nyuma hatua kwa hatua bila kumpa mgongo, hadi awe nje ya eneo ambalo mbwa analilinda. Mbio zianze tena baada ya mbwa kugeuka na kwenda zake.

Jambo la tatu ni kuweka kizuizi. Mwenye baiskeli ashuke na kuiweka kati yake na mbwa. Asiye na baiskeli anaweza kutumia taulo, koti, mkoba au chupa ya maji. Mbwa akiuma koti, hajauma mkono. Fimbo nyepesi mkononi husaidia kumweka mbwa mbali, mradi isitumike kumchokoza.

Watu wengi wamezoea kuinama na kujifanya wanaokota jiwe. Ni kweli kwamba mbwa wengi wa mitaani huikimbia ishara hiyo kwa kuwa wanaijua. Lakini kwa mbwa aliyekwisha kukaribia, kuinama huuweka uso na shingo mbele ya meno, na kwa mbwa mwenye kichaa ishara hiyo inaweza isiwe na maana yoyote. Itumike kwa mbwa aliye mbali tu, na jiwe lisirushwe pasipo lazima.

Ikiwa mtu ameangushwa, ajikunje, alalie tumbo, afunike shingo na masikio kwa mikono yake, kisha atulie. Watoto wafundishwe hatua hii kwa vitendo, shuleni na nyumbani, kwa maneno mepesi: ukiwa umesimama, kuwa kama mti, ukianguka, kuwa kama jiwe.

Vikundi vya mazoezi vina nafasi nzuri zaidi ya kujikinga. Ni vema kikundi kikague njia yake, kitambue nyumba zenye mbwa wasiofungwa, kizungumze na wenyeji kwa heshima, na kukubaliana nao saa ya kupita. Anayekimbia peke yake asizibe masikio yake kwa muziki, kwa sababu mara nyingi sauti ya mbwa husikika kabla mbwa mwenyewe hajaonekana.

JERAHA DOGO, HATARI KUBWA

Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachoishi katika mate ya mnyama aliyeambukizwa. Kirusi huingia kwa njia ya kung'atwa, kuparuliwa, au mate kugusa jeraha, macho au mdomo. Kikishaingia, husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa ya wiki moja au kufikia mwaka. Katika muda huo wote aliyeng'atwa anaweza kujiona mzima kabisa.

Dalili zinapoanza, kama vile homa, kuwashwa mahali palipoumwa, fadhaa na kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio chanzo cha maambukizi kwa binadamu kwa hadi asilimia 99. Takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15.

Pamoja na ukali huo, kifo hiki kinazuilika ikiwa matibabu yataanza mapema. Hatua ni tatu:

Kwanza, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda usiopungua dakika 15. Sabuni ya kufulia inafaa. Jeraha lioshwe hata kama ni mkwaruzo tu. Hatua hii haigharimu kitu, na inapunguza sana kiasi cha virusi.

Pili, aliyeng'atwa aende siku hiyo hiyo katika kituo cha kutolea huduma za afya. Chanjo ya binadamu haipatikani katika kila zahanati, hivyo ni busara kuuliza mapema, kwa simu au kupitia mhudumu wa afya wa jamii, kituo gani kinayo, ili muda usipotee njiani. Penye jeraha kubwa au la kichwani, mtaalamu anaweza kuongeza dawa ya kinga inayochomwa kuzunguka jeraha lenyewe.

Tatu, ratiba ikamilishwe. Chanjo hutolewa kwa awamu. Baada ya dozi ya kwanza, nyingine kwa kawaida hufuata baada ya siku 3 na siku 7, na zaidi ya hapo kwa kadiri mtaalamu atakavyoelekeza. Kupona kwa kidonda si sababu ya kuacha dozi zilizobaki. Kinachotibiwa si kidonda, bali ni safari ya kirusi isiyoonekana.

Ni kosa kupaka jeraha pilipili, mafuta, majivu au unga wa betri. Vitu hivyo huumiza nyama na kuchelewesha matibabu. Ni kosa pia kumuua mbwa na kumfukia haraka. Mbwa anayeweza kufungwa salama afungwe na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima katika siku hizo, daktari hupata msingi wa kuamua kama matibabu yaendelee. Hata hivyo, matibabu yasisubiri siku hizo zipite ndipo yaanze.

MBWA WA MTAANI ANA MWENYEWE

Mazungumzo ya mitaani huwaita mbwa hawa "mbwa wasio na mwenyewe". Kwa sehemu kubwa si kweli. Tafiti za muda mrefu zilizofanyika wilayani Serengeti zilionesha kwamba mbwa wengi wanaozurura wana kaya wanakotoka, wanakokula na kurudi kulala. Maana yake ni kwamba mbwa anayemkimbiza mtu uwanjani ana mtu anayeweza kuulizwa, kuelimishwa na kuwajibishwa.

Tafiti hizo katika Serengeti na Ngorongoro zilionesha pia kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja, au zaidi kidogo. Mnyororo wa maambukizi ni mwembamba, na ukikatwa mahali pengi kwa wakati mmoja hukatika kabisa. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia kila mwaka, kwa kuwa mbwa hufa na watoto wapya huzaliwa.

Hii ndiyo sababu pia kuwaua mbwa ovyo si suluhisho. Mbwa waliouawa hujazwa haraka na wengine wasiochanjwa, na mara nyingi wanaouawa ni pamoja na wale waliokwisha kukingwa. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama.

WAJIBU WA MWENYE MBWA

Anayefuga mbwa kwa ajili ya usalama wa mji wake hana haki ya kuhamishia hatari kwa mpita njia. Wajibu wake ni huu:

1. Kumchanja mbwa dhidi ya kichaa, kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kuitunza kadi ya chanjo.

2. Kumfungua usiku ndani ya uzio tu. Asiye na uzio amfunge kwa kamba ndefu inayomruhusu kufika mlangoni bila kufika barabarani.

3. Kumfunga au kumwingiza bandani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, badala ya kungoja kukuche.

4. Kumshika kwa kamba anapomtoa nje au kumfundisha katika uwanja wa umma, na kutomwachia hata akiwa mpole. Mwenyewe anaujua upole huo. Anayekuja mbele haujui.

5. Kumlisha, kwa maana mbwa mwenye njaa hawezi kukaa nyumbani.

6. Kutoa taarifa kwa Afisa Mifugo wa kata mara aonapo mabadiliko ya tabia kwa mbwa wake, na kutoficha mbwa wake anapouma mtu.

Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo inamhusu mbwa pia. Mbwa aliyezoeshwa watu tangu mdogo, asiyefundishwa kufukuza wapita njia kwa ajili ya kuchekesha watoto, hulinda nyumba vizuri bila kuwa tishio barabarani.

KUTOA TAARIFA

Mwananchi anayesumbuliwa na mbwa wasiofungwa katika njia ya mazoezi aanze kwa mwenye mbwa. Ikishindikana, ampelekee taarifa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, pamoja na Afisa Mifugo. Taarifa ieleze mahali, saa, idadi ya mbwa na kaya wanakotoka. Taarifa isemayo "mbwa wamezidi" haimsaidii mtendaji. Taarifa isemayo "mbwa wawili, karibu na kisima, kila siku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi" inampa mahali pa kuanzia.

Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, tarehe aliyofariki mwaka 1895 Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeongoza utengenezaji wa chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo, iliyotumika kwa binadamu mwaka 1885. Lengo la kimataifa ni kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka 2030. Kwa kijiji au mtaa, lengo hilo hupimwa kwa mambo mawili yanayoonekana kwa macho: kadi ya chanjo ya kila mbwa, na barabara ambayo mzee anaweza kuitembea alfajiri bila fimbo.