SOMO: MWAJIRI AKIFILISIKA, TUTAFUTE WAKILI GANI?

Ndugu wafanyakazi wa Rubavu,

Kampuni ikifunguliwa kesi ya kufilisika, wengi hukimbilia kwa mkurugenzi kudai mishahara. Huko ni kupoteza siku. Kwa Sheria ya Ufilisi ya Rwanda ya mwaka 2021, madai hupelekwa kwa msimamizi wa ufilisi, tena kwa muda uliowekwa.

Asiye na fedha aanzie ofisi ya MAJ ya wilaya; ushauri wake ni bure. Mkiajiri wakili, ajirini mmoja kwa pamoja, na jina lake liwe katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Rwanda, kilichoanzishwa mwaka 1997. Makomisioneri wa mlangoni pa mahakama waacheni. Muulizeni wakili kama anaitetea pia benki inayomdai mwajiri, na ujira wake uandikwe.

Mpeni mikataba, hati za mishahara na taarifa ya michango ya RSSB. Taarifa hiyo humfaa hasa yule asiyepewa mkataba.

Swali kubwa ni hili: mitambo iko rehani? Mishahara hutangulia madeni ya kawaida, lakini benki hujilipa kwanza kutokana na rehani yake. Wakili aanze kwa kuchungua daftari la rehani la Msajili Mkuu, RDB.