Mtaa wa Mawe wa Chole

Mashariki ya kisiwa kikubwa cha Mafia pana ghuba, na katika ghuba hiyo kuna kisiwa kidogo kiitwacho Chole. Mtu atokaye kijiji cha Utende hupanda mashua, na baada ya muda mfupi hushuka katika ufuko wa Chole. Huko hasikii ngurumo za motokaa. Njia ni za miguu na za baiskeli. Lakini akiisha kwenda hatua chache huona jambo la kumstaajabisha. Kuta za mawe zimesimama bila paa. Madirisha yamebaki matundu matupu. Miti mikubwa ya jamii ya mkuyu imekaa juu ya kuta, na mizizi yake imezikumbatia kama vidole vya mkono. Hapo palikuwa mjini, na watu walikaa nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango.

Mji wa Chole haukuwa wa kwanza katika visiwa hivi. Katika kisiwa cha Juani, kilicho jirani, yako magofu ya Kua, mji wa kale wa Waswahili, wenye misikiti na majumba ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, walivuka bahari, wakaupiga mji wa Kua, wakaua watu na kuwachukua wengine mateka. Kua haikuinuka tena. Baada ya hayo Chole ikawa mji mkuu wa Mafia chini ya Masultani wa Unguja. Mwaka 1890 Wadachi waliitwaa Mafia, nao pia wakaweka makao ya serikali yao Chole.

Basi watu wa namna nyingi walikutana katika kisiwa kile kidogo. Walikuwako Waarabu wenye mashamba ya minazi, Waswahili mabaharia na mafundi wa vyombo, na Wahindi wenye maduka. Ndiyo sababu mtu apitaye katika magofu leo huona mabaki ya majumba ya matajiri, na ya hekalu la Wahindi, na ya majengo ya serikali ya Wadachi, yote mahali pamoja.

Nyumba ya mawe ya pwani si kazi ya siku chache. Mawe yake ni ya matumbawe, yaani miamba iliyofanywa na viumbe wadogo wa bahari. Chokaa yake pia ilitoka katika matumbawe. Yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakageuka kuwa meupe na mepesi. Kisha yakamwagiwa maji, na chokaa ikaachwa muda mrefu ipate kukomaa. Boriti za dari zilikuwa za mikoko, na mikoko haikuwa mbali, maana delta ya Rufiji inaelekeana na Mafia. Lakini boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Mara nyingi haizidi mita 3 hivi. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe huwa virefu lakini vyembamba. Juu ya boriti mafundi walipanga mawe, wakamimina chokaa, na watu wengi wakaitwanga pamoja mpaka ikawa ngumu.

Nyumba hizo zilijengwa karibu karibu, na ukaribu huo ulikuwa na faida. Kuta nene zilizuia joto, na vichochoro vyembamba vilikuwa na kivuli karibu mchana kutwa. Mbele ya nyumba palikuwa na baraza, yaani kikalio cha mawe kilichoshikamana na ukuta. Baraza haikuwa ndani wala haikuwa njiani. Ilikuwa mahali pa wote wawili, mwenyeji na mpita njia.

Maisha ya mitaa ya namna hii yajulikana katika pwani yote, maana hata leo yaonekana Lamu na Unguja. Asubuhi watu huamkiana kabla ya kuuliza jambo lolote. Mchuuzi wa samaki hupita akinadi, na mama aliye ndani humjua kwa sauti tu. Alasiri wazee huketi barazani, wakazungumza habari za vyombo, bei za vitu na shauri la ndoa. Mtoto akifanya utovu wa adabu njiani, jirani yeyote humkanya, na habari hufika nyumbani kabla ya mtoto mwenyewe. Pakiwa na msiba, chungu cha wafiwa hakikosi wa kukipikia. Pakiwa na arusi, mtaa mzima huona kuwa ni arusi yake.

Walakini utamu huo una uchungu wake. Palipo na kuta zilizogusana, ugomvi wa nyumba moja husikiwa katika nyumba tatu. Moto ukishika paa la makuti, huruka upesi kwenda paa la jirani. Maji ya kisima kimoja yakichafuka, maradhi huingia katika nyumba zote. Mwaka 1869 kipindupindu kilipoingia mji wa Unguja kiliua watu wengi mno. Akaaye peke yake shamba aweza kutupa taka zake apendapo. Akaaye mtaani hawezi, maana nyuma ya nyumba yake ndiyo mbele ya nyumba ya mwenzake.

Tena si watu wote waliokaa kwa raha katika Chole ya zamani. Minazi iliyowatajirisha wenye majumba ilipandwa na kuangaliwa na watumwa. Wako waliofanya kazi maisha yao yote kwa faida ya nyumba zile, nao hawakuwa na haki hata juu ya watoto wao wenyewe. Katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Mtu asifuye uzuri wa ukuta wa kale imempasa kuwakumbuka na hao.

Je, mtaa huu ulikufaje? Kua iliangushwa na vita, lakini Chole haikupigwa na Wasakalava wala na adui mwingine aliyefanana nao. Ilivunjwa na jambo dogo kuliko vita. Ghuba yake inafaa sana kwa mashua na majahazi, lakini meli kubwa zilitaka maji ya kina zaidi. Basi mwaka 1913 Wadachi walihamisha makao ya serikali, wakayapeleka Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Na jina la Kilindoni lenyewe humkumbusha mtu neno kilindi. Serikali ilipokwenda, biashara ilifuata. Na biashara ilipokwenda, wenye majumba hawakuona sababu ya kubaki. Kilindoni ndio mji mkuu wa Mafia hata leo.

Nyumba ya mawe ikiachwa yaonekana kana kwamba itadumu milele, kumbe si hivyo. Adui yake wa kwanza ni mvua. Kila baada ya miaka michache dari na kuta hutaka kupakwa chokaa mpya. Isipopakwa, ufa mwembamba kama uzi huonekana juu ya dari. Maji hupenya, yakafika kwenye boriti. Boriti hulowa, huoza, na mchwa huingia. Siku moja boriti hukatika, na dari yote huanguka. Hapo mvua hushuka katikati ya kuta zenyewe, ikalainisha udongo na chokaa vinavyoyashika mawe.

Kisha huja adui wa pili, naye huja kwa mbawa. Chole ina popo wakubwa walao matunda, wa namna ipatikanayo pia katika visiwa vya Ngazija. Mchana hulala wakining'inia mitini. Jioni huruka kwenda kutafuta chakula. Popo na ndege walapo matunda ya mkuyu, mbegu zake huanguka pamoja na kinyesi chao. Mbegu moja ikiingia katika ufa wenye unyevu, huota. Mizizi huteremka ikitafuta ardhi, hunenepa mwaka hata mwaka, na ukuta hupasuka. Popo hana kosa. Yeye hupanda msitu, kama alivyoumbwa. Kosa ni la ufa ule ulioachwa wazi. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Chole mithali hii yaweza kuonekana kwa macho.

Wala jambo hili si la Mafia peke yake. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, na jamaa nyingi zikaingia katika nyumba moja. Nyumba zilikuwa na watu tele, lakini mara nyingi hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kazi ya kupaka chokaa ni yake. Nyumba nyingi zikaanza kuanguka, hata mwaka 1985 serikali ikaweka mamlaka ya kuuhifadhi mji. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililojengwa mwaka 1883, ilianguka. Kwa hiyo sifa peke yake haishiki ukuta. Ukuta hushikwa na mkono wenye chokaa, nao huo mkono sharti uwe wa mtu anayejua kuwa pale ni kwake.

Lakini kisiwa cha Chole hakikufa pamoja na majumba yake. Watu wamo, wakikaa katika nyumba za miti na udongo, za makuti na za mabati. Mafundi hutengeneza mashua, wanawake husuka ukili, na wavuvi huangalia maji kupwa na kujaa. Tangu mwaka 1995 bahari ya sehemu hii imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na kuvunja matumbawe yaliyo hai kumekatazwa, kwa sababu matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Hivyo, hata kama mtu angetaka kujenga kama wazee, isingemfaa kuubomoa mtaa wa samaki ili ajenge mtaa wa watu.

Mgeni ajaye Chole hutazama mawe, akayasifu. Mwenyeji humwamkia, akamwuliza habari za safari, akamwonyesha njia. Kati ya mambo hayo mawili, la pili ndilo la kale zaidi, nalo halikuanguka. Mawe yaliufanya mtaa uwe na kivuli. Majirani ndio walioufanya uwe mtaa.

MASWALI

1. Kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba?
2. Mji wa Kua na mji wa Chole iliangukaje? Eleza tofauti yake.
3. Taja faida mbili na taabu mbili za kukaa karibu karibu na majirani.
4. Eleza kwa utaratibu jinsi ufa mdogo unavyoweza kuangusha nyumba nzima.
5. Kwa nini nyumba yenye watu wengi yaweza kukosa mtu wa kuitengeneza?
6. Tazama nyumba au darasa lako. Je, uko ufa upi usiozibwa? Ni kazi ya nani kuuziba?