Kufuma, Kugonga, Kusonga: Istilahi za Nguo Isiyo na Mtande

Msamiati wa nguo katika Kiswahili umejengwa juu ya kitanda cha mfumi. Pana mtande, yaani nyuzi zilazwazo kwa urefu, na mshindio upitishwao kwa mapana. Kitenzi kinachoviunganisha ni kufuma. Hata hivyo, zipo nguo zisizo na mtande wala mshindio, na hapo ndipo fundi anayetaka kueleza kazi yake kwa Kiswahili hukwama. Akisema "kufuma" amepotosha; akisema "felti" amekopa jina bila kupata kitenzi.

Mifano haiko mbali. Katika Msitu wa Kakamega huishi nondo aitwaye kitaalamu Anaphe panda, ambaye watafiti wa ICIPE wamemchunguza kwa ajili ya hariri yake. Viwavi wake hula majani ya mti wa Bridelia micrantha, na wakikomaa hujenga kiota kimoja cha pamoja. Nyuzi za kiota hicho zimeshikana tabaka kwa tabaka, bila mfumi. Kwa sababu hiyo haziwezi kuzongolewa uzi mmoja mrefu kama za nondo wa mforosadi: kiota huchemshwa kwa magadi ili gundi itoke, kisha nyuzi huchambuliwa na kusokotwa. (Vinyweleo vya viwavi hawa huwasha ngozi vibaya.) Kutokana na hariri ya jamii hiyo ya nondo, Wayoruba wa Nigeria hufuma sanyan, vazi la heshima.

Nchini Uganda, gome la ndani la mutuba hupondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa kitambaa. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Kitenzi cha kugonga kinatosha hapo.

Sufu ndiyo yenye tatizo. Unywele wa kondoo una magamba madogo. Sufu ikitandazwa tabaka zinazokingamana, ikalowanishwa kwa maji moto yenye sabuni, ikabanwa na kusuguliwa, magamba hunasana na kitambaa hukaza na kupungua. Hariri haina magamba. Peke yake hainasani. Msanii wa mavazi huilaza pamoja na sufu, nayo sufu inapopungua huivuta hariri ikafanya makunyanzi, hata mtandio mmoja usifanane na mwingine.

Kitenzi kinachofaa kazi hii kimo jikoni: kusonga. Anayesonga ugali hubana, hugeuza na kukandamiza mpaka unga na maji vishikane visitengane. Watu nao wakibanana husemwa wamesongamana. Pingamizi lipo, kwani kusonga nywele ni kuzisuka, na kusuka ni jirani wa kufuma. Lakini yambwa huondoa utata: asongaye sufu hasuki mafungu matatu. Hivyo zapatikana nguo ya kusongwa, msongaji na usongaji. Msongo wenyewe uachwe, maana wanasaikolojia wamekwisha kuuchukua kwa mawazo.