Bahati, Nuhusi na Kisirani

Maneno haya hayakai mbali na midomo ya watu. Mwenye duka akiuza vyema asubuhi husemwa ana bahati. Chombo kikipigwa na tufani husemwa kilitweka siku ya nuhusi. Bahati ni neno la Kifarsi asili yake, lililopitia kwa Waarabu, na maana yake ni fungu alilogawiwa mtu. Nuhusi ni neno la Kiarabu, kinyume cha sudi. Kuyatamka si kosa. Litazamwalo ni itikadi iliyo nyuma yake: je, msemaji akusudia kwamba jambo limempata asipolitazamia, au aitakidi kuwa mna nguvu katika siku, katika ndege, au katika mwili wa mwanadamu mwenziwe, yenye kuleta kheri na shari?

Waarabu wa Jahiliya waliitakidi hili la pili. Mtu akitaka kusafiri alimfurusha ndege. Akiruka kuumeni alikwenda, akiruka kushotoni alirejea. Ndipo itikadi hii ikaitwa tiyara, jina litokalo katika neno lao la ndege. Na Waswahili nao husema "ndege njema" na "ndege mbaya" hata pasipo ndege yeyote! Mtume (s.a.w.) aliibatilisha tiyara, akakanusha na nuhusi ya mwezi wa Safar, ambao watu wa pwani huuita Mfunguo Tano. Mwanawe Ibrahimu alipofariki, mwaka 632, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Angalikuwa mtafuta utukufu angalinyamaza tu. Lakini aliwaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake.

Waarabu walichukia pia kuoa katika Shawwal. Bibi Aisha (r.a.) aliolewa katika Shawwal, akaingia nyumbani kwa Mtume katika Shawwal, na alikuwa akiwauliza watu ni mke gani aliyepata kupendwa kuliko yeye.

Baada ya hayo yote Waislamu hawakuacha kupiga falaki. Khalifa al-Mansur alichaguliwa na wanajimu saa ya kuanza kuujenga mji wa Baghdad, mwaka 762. Mwaka 1258 Wamongoli wakauingia na kumwua khalifa, na saa njema ile isiwazuie.

Walakini dhara kubwa ya itikadi hii si safari zinazoahirishwa. Dhara kubwa imo majumbani. Bibi arusi huingia kwa mumewe. Haupiti mwezi wa tatu mkwewe akafa, au biashara ya mume ikafilisika. Mara huanza minong'ono kwamba ana kisirani, mguu wake si mwema. Mzee alikuwa mgonjwa miaka miwili kabla ya posa, na duka lilikuwa na deni kabla ya mahari kutolewa, lakini hayo hayatajwi. Kadhalika mtoto aliyezaliwa siku aliyokufa babake: hulelewa kwa jicho la chuki kwa jambo lililotokea naye hajafumbua macho. Mtu akisingiziwa wizi aweza kuapa, aweza kuleta mashahidi. Aliyesingiziwa kisirani ataleta shahidi gani? Basi huo ni uzushi mbaya kuliko wa wizi, kwani haumwachii mtu mlango wa kujitetea.

Wako wanaoshika khabari iliyopokewa kwamba nuhusi imo katika mwanamke, nyumba na farasi. Bibi Aisha ilipomfikia alighadhibika, akaeleza kwamba Mtume alikuwa akisimulia usemi wa watu wa Jahiliya. Wanavyuoni wengine wameifasiri kwa njia nyingine. Lakini hapana katika tafsiri hizo ruhusa ya kumtesa mke kwa kifo cha mkwewe.

Huenda mtu akauliza: mbona mara nyingi nuhusi husadiki? Husadiki kwa sababu akili ya mwanadamu ni karani mwenye upendeleo. Mwaka una Jumatano 52. Msiba ukitokea katika moja, huandikwa; zile 51 zilizopita salama hazina mwenye kuzihesabu. Tena misiba haina budi kuangukia siku fulani, na siku za juma ni saba. Kama ikigawanyika sawasawa, sehemu moja katika saba itakuwa ya Jumatano, bila ya Jumatano kuwa na kosa lolote.

Amma bahati kwa maana ya fungu, hiyo ipo, na wenye mali ndio wapesi wa kuikanusha. Manahodha wawili hutweka kwa kaskazi ile ile, wote hodari. Mmoja hukutwa na dhoruba, wa pili akafika na tende zake. Wa pili akisema amefika kwa maarifa yake tu, asema alivyosema Qaruni juu ya hazina zake. Na akimwita mwenziwe mzembe, amezidisha dhuluma juu ya kiburi.

Wala isidhaniwe kuwa fungu likishagawiwa hapana la kufanya. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham akapata khabari, alipofika Sargh, kwamba tauni imeingia huko, ndiyo tauni ya Amwas, ya mwaka wa 18 wa Hijra. Akaazimu kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni penye ng'ambo mbili, moja ina malisho na moja kavu: popote atakapolisha amelisha kwa kadari, na juu ya hivyo hapana mchunga atakayechagua palipo pakavu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika mashauri, akawapa hadithi aliyoisikia kwa Mtume, kwamba tauni ikiwa katika nchi asiingie aliye nje, wala asitoke kwa kuikimbia aliye ndani. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akageuza msafara kurudi Madina.