Dunia Ikizunguka Baada ya Mafua

Mdogo wangu wa Bugarama, nianze na ulichokiandika mwishoni mwa barua, kwamba majirani wameanza kumnyooshea kidole bibi wa nyumba ya pili. Waambie waache. Hakuna aliyekutupia kitu. Ulishikwa na mafua makali, yakapoa, kisha asubuhi moja ukafumbua macho ukakuta chumba kizima kinazunguka, ukatapika, hata kugeuza shingo ukashindwa. Kwa maelezo hayo nashuku kirusi kimeushambulia mshipa wa fahamu unaotoka sikio la ndani kwenda kwenye ubongo.

Huko ndani, kila sikio lina mirija mitatu midogo yenye maji. Ukigeuza kichwa maji hutikisika, ubongo ukapata habari. Habari za pande mbili zikilingana, unabeba ndoo kichwani bila kuwaza. Upande mmoja ukinyamaza ghafla, ubongo huamini unazungushwa.

Sasa, eti duka la dawa walisema ni UTI wakataka kukuchoma gentamisini? Hapo nilishtuka. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini yenyewe inaweza kuharibu sehemu hiyo hiyo ya sikio. Pima kwanza, malaria ikiwemo. Vidonge vya kuzuia kizunguzungu na kutapika ni vya siku chache za mwanzo tu. Ukivizoea, unauchelewesha ubongo kujirekebisha.

Maana dawa kubwa ni kujongea. Tangu miaka ya 1940 madaktari wa Uingereza, Cawthorne na Cooksey, waliwafanyisha wagonjwa wao mazoezi badala ya kuwaacha kitandani. Kaa, nyoosha mkono, kaza macho kwenye kidole gumba, kisha geuza kichwa kushoto na kulia polepole. Kizunguzungu kitapanda kidogo. Kiache kipande, ndivyo ubongo unavyojifunza. Tembea kila siku huku mtu yuko karibu. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Ila sufuria ya maharage inayochemka mwachie mwenzio kwanza, mama lishe wangu, na bodaboda usiendeshe.

Ulimi ukiwa mzito, ukaona vitu viwiliviwili, upande mmoja ukalegea, kichwa kikauma vibaya au ukashindwa kabisa kusimama, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi. Sikio moja likiziba usisikie, nalo halingoji wiki ijayo, kwani matibabu yake hufaa zaidi yakiwahi. Hospitali ya Kahama wakishindwa, omba rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kuhusu mumeo, hilo ni jambo jingine. Mikono inayotetemeka na kuyumba kunakokuja kidogo kidogo, kwa mtu anayechoma dhahabu yenye zebaki, havifanani na kizunguzungu chako. Mvuke wa zebaki huumiza ubongo. Aende kwa daktari, aseme wazi kazi anayofanya. Na kikaango anachochomea kisirudi jikoni kwako.